Leseni ya kujifunzia: Maarifa yatangulie usukani

Kila asubuhi, katika barabara za pembezoni mwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, huonekana magari madogo yenye herufi L mbele na nyuma, yakienda mwendo wa kobe na kuzima kila baada ya mita chache. Ndani yake ameketi mwanafunzi mwenye jasho viganjani, na pembeni yake mwalimu aliyekwishazoea kupigiwa honi na madereva wasio na subira.

Jambo hilo limekuwa la kawaida kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza swali moja la msingi: mwanafunzi huyo anajua nini kuhusu sheria za barabarani siku anaposhika usukani kwa mara ya kwanza?

Kwa utaratibu uliozoeleka Tanzania na Kenya, jibu ni kwamba halazimiki kuthibitisha kuwa anajua lolote. Leseni ya kujifunzia, ambayo wengi huiita lena, hupatikana kwa kuomba na kulipia. Maswali juu ya alama, haki ya kupita na mwendo huja mwishoni, siku ya kupimwa, wakati mwanafunzi amekwishapita barabarani mara nyingi miongoni mwa watembea kwa miguu, watoto wa shule na waendesha baiskeli.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala dogo la mpangilio wa karatasi. Ukilitazama kwa makini, si dogo hata kidogo. Mtihani wa maarifa ndio wakati ambapo dola humtazama usoni raia anayetaka kuendesha chombo cha moto na kumuuliza iwapo anaijua sheria. Kwa mwenye gari binafsi, swali hilo aghalabu huulizwa mara moja tu maishani. Likiulizwa kwa kuchelewa, au likajibiwa kwa kukariri, nafasi hiyo hairudi.

Urithi wa Waingereza

Nchini Tanzania, msingi wa yote hayo ni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo katika juzuu za sheria ni Sura ya 168. Sheria hiyo inamtaka anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia, asiendeshe peke yake bila msimamizi mwenye leseni, na gari liwe na alama ya kuwatahadharisha wengine. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ilhali upimaji wa madereva hufanywa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani.

Kenya nayo inafuata njia inayofanana na hiyo. Mwanafunzi huchukua kwanza leseni ya muda, hujiunga na shule ya udereva, kisha hupimwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Wakenya wengi wanaukumbuka ule ubao wenye mfano wa mji, ambapo mtahiniwa husogeza kigari cha kuchezea kwa kidole, akieleza namna ya kuingia katika mzunguko na mahali pa kuegesha, kabla ya kwenda kuendesha gari lenyewe.

Mpangilio huo wa leseni kwanza na mtihani baadaye ni urithi wa Waingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Uingereza ilikuwa na magari takriban milioni 2.3 tu, lakini watu zaidi ya 7,000 walikuwa wakiuawa barabarani kila mwaka. Hali hiyo ndiyo iliyozaa kitabu cha kanuni za barabara mwaka 1931, na baadaye mtihani wa lazima wa udereva ulioanza Juni 1935.

Kwa miaka sitini iliyofuata, maswali ya sheria yaliulizwa kwa mdomo mwishoni mwa mtihani wa kuendesha, yakiwa machache na ya haraka. Waingereza wenyewe walikuja kuona kuwa hayo hayatoshi. Julai 1996 walianzisha mtihani wa maarifa unaojitegemea, ambao ni lazima ufauliwe kabla mtu hajaruhusiwa kufanya mtihani wa vitendo. Mwaka 2002 wakaongeza sehemu ya kutambua hatari kwa kutumia picha za video: mtahiniwa hutazama barabara ikienda mbele yake na kubonyeza pale anapoona hatari inaanza kujitokeza.

Leo mtihani huo una maswali 50, na anayetaka kufaulu hana budi kupata angalau 43. Nchi hiyo sasa ina magari zaidi ya milioni 40, na vifo vya barabarani kwa mwaka viko chini ya 2,000. Itakuwa si haki kuupa mtihani sifa yote, kwa kuwa barabara bora, mikanda, hospitali na magari yenye usalama zaidi vimechangia. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba kuwauliza madereva kwa makini zaidi hakukuwa na mchango wowote.

Nchini Marekani, hatua za mwanzo zimepangwa kwa namna nyingine. Katika majimbo mengi, anayetaka kibali cha kujifunzia husoma kwanza kitabu cha jimbo lake, hujibu maswali, na akifaulu ndipo hupewa kibali cha kushika usukani akiwa na msimamizi. Akishindwa, hurudi kusoma. Kwa maneno mengine, kule maarifa ndiyo tiketi ya kuingilia barabarani, wakati huku kwetu ni stakabadhi ya kutokea shuleni.

Kukariri si kujua

Hata hivyo, kubadili mahali pa mtihani pekee hakutoshi ikiwa maandalizi yake yatabaki yalivyo. Katika shule nyingi za udereva, mwanafunzi hupewa karatasi zilizotolewa nakala mara nyingi mpaka michoro yake imefifia. Anakariri kwamba alama namba fulani ni "kona kali kushoto" na nyingine ni "daraja jembamba". Siku ya kupimwa huonyeshwa alama kadhaa, huzitaja, na kazi imekwisha.

Tatizo ni kwamba barabara haimuulizi dereva jina la alama. Inamtaka atende. Anayejua mantiki ya alama hana haja ya kukariri zote: pembetatu yenye ukingo mwekundu hutahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka kikomo, duara la buluu huamuru, na mstatili hutoa taarifa. Alama ya kusimama ina pembe nane, na ile ya kutoa nafasi ni pembetatu iliyogeuzwa juu chini, ili zitambulike kwa umbo hata zikiwa na vumbi au zikitazamwa kwa nyuma. Aliyefundishwa hivyo ataielewa hata alama ambayo hajawahi kuiona.

Mfano wa pili ni mwendo. Wanafunzi wengi wanaweza kutaja kuwa kikomo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na kwamba mabasi na malori yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Wachache wanaweza kueleza kwa nini.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kuona kilicho mbele, kwa sababu ameangalia simu au amegeuka kuzungumza na abiria, tayari amekwishapita mita 22 kabla mguu haujagusa breki. Kanuni za barabara za Uingereza hukadiria kuwa gari dogo lenye mwendo wa takriban kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama katika hali nzuri, na likiwa na mwendo wa kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53. Mwendo haujafika hata mara mbili, lakini umbali umezidi mara mbili, kwa kuwa urefu wa breki hukua kwa mraba wa mwendo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kila wastani wa mwendo unapoongezeka kwa asilimia moja, uwezekano wa ajali yenye kifo huongezeka kwa takriban asilimia nne. Mwanafunzi aliyeelewa hesabu hiyo hataona kibao cha 50 kama mtego wa askari aliyejificha chini ya mwembe. Atakiona kama tofauti kati ya mtoto aliyevuka salama na mtoto ambaye hakufika ng'ambo.

Hali ni hiyo hiyo katika mzunguko wa barabara, ambao wengi huuita kipilefti. Kanuni ni kuyapa nafasi magari yanayotoka kulia, yaliyokwishaingia. Aliyekariri atalisema hilo bila kusita mbele ya mpimaji, kisha akifika kwenye msongamano wa jioni ataingiza pua ya gari kwa nguvu kama wenzake. Aliyeelewa kwamba mzunguko ukijazwa na wanaoingia kwa nguvu hujifunga wenyewe, na kwamba hata yeye atakwama, ana sababu ya kusubiri.

Somo la mwaka 2015

Tanzania imekwishaonja ugumu wa kuwauliza madereva maswali baada ya kuwaacha kwa muda mrefu. Mwaka 2010 Serikali ilianza kutoa leseni mpya za kielektroniki, na madereva wa magari makubwa na ya abiria wakatakiwa kuonyesha vyeti vya mafunzo. Lengo lilikuwa jema: kuwaondoa barabarani waliojifunza gizani.

Machi 2015, basi la abiria na lori lililobeba kontena viligongana katika eneo la Changarawe, Mafinga, mkoani Iringa, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Ajali za mwanzo wa mwaka huo zilizusha hasira kubwa, na mjadala juu ya uwezo wa madereva ukapamba moto.

Mwezi uliofuata, madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Maelfu ya abiria walikwama katika kituo cha Ubungo, kilichokuwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani wakati huo, na katika miji mingine. Mbali na madai ya mikataba ya ajira, madereva walipinga sharti la kurudi darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Serikali ilirudi nyuma juu ya sharti hilo.

Ni rahisi kuwalaumu madereva kwa kukataa elimu. Lakini nao walikuwa na hoja. Mtu aliyeendesha basi kwa miaka 15, asiye na mkataba, anayelipwa kwa safari, akiambiwa aache kazi na ajilipie masomo, huona adhabu wala haoni elimu. Kosa halikuanza siku ile. Lilianza miaka mingi nyuma, siku dereva huyo alipopewa lena bila kuulizwa neno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

Tangu hapo jitihada nyingine zimefanyika. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, imepewa jukumu la kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara, na imekuwa ikiwapima kwa mtihani unaofanyika katika kompyuta. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini inamgusa dereva akiwa amekwishakuwa dereva, na haimgusi kabisa mwenye gari lake binafsi.

Lugha na vishoka

Lipo pia suala la lugha, ambalo halizungumzwi sana. Sheria ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hufundishwa na kuulizwa kwa Kiswahili, lakini chimbuko la anachofundishwa liko katika lugha ambayo wengi hawaisomi. Kati ya sheria na mwanafunzi husimama karatasi za shule na kumbukumbu za mwalimu, na kila nakala huongeza makosa yake. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kati ya sheria zote za nchi, ni vigumu kuona nyingine yenye wasomaji wengi wanaoihitaji kila siku kuliko hii ya barabarani.

Umuhimu wa lugha ya mtihani umewahi kufika hata Mahakama ya Juu ya Marekani. Jimbo la Alabama liliamua katika miaka ya 1990 kutoa mtihani wa udereva kwa Kiingereza pekee, na Martha Sandoval akapeleka malalamiko mahakamani. Mwaka 2001 majaji walimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa hoja kwamba sheria haikumpa mtu binafsi haki ya kufungua shauri la aina hiyo. Hata hivyo, Alabama baadaye ilirejea kutoa mtihani huo katika lugha kadhaa. Hoja ya upande mmoja ilikuwa kwamba dereva asiyesoma Kiingereza hataelewa alama. Ya upande wa pili, kwamba mtu hupimwa maarifa ya barabara, hapimwi ufasaha wa lugha. Afrika Mashariki ina bahati ya kuwa na lugha inayoweza kuumaliza ubishi huo mapema, endapo itatumiwa kuandika vitabu na si kuuliza maswali tu.

Pengo la pili ni la wasiofika kabisa mbele ya mpimaji. Vijana wengi wa bodaboda wamejifunza kuendesha kwa siku mbili katika uwanja wa mpira, kwa pikipiki ya rafiki, na siku ya tatu wamebeba abiria. Wengine huwatumia vishoka, wanaoahidi kuleta leseni bila mwombaji kuhangaika na foleni wala maswali. Anayenunua leseni kwa njia hiyo hudhani ameokoa muda. Kwa hakika amenunua ujinga wake mwenyewe, na bei yake huweza kulipwa na mtu mwingine.

WHO ilikadiria kuwa watu takriban milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vya aina hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua. Huo ndio umri wa wanafunzi wanaovuka barabara na wa vijana wanaoomba lena.

Nini kifanyike

Jambo la kwanza ni kuuweka mtihani mfupi wa maarifa kabla ya leseni ya kujifunzia. Hauhitaji kuwa mgumu. Maswali 20 juu ya alama, haki ya kupita, mwendo, ulevi na vivuko vya waenda kwa miguu yanatosha kumtenganisha aliyesoma na asiyesoma. Yakichaguliwa na kompyuta bila mpangilio maalumu kutoka katika hazina kubwa ya maswali, na majibu yakasahihishwa papo hapo, nafasi ya kishoka hupungua.

La pili ni kitabu kimoja rasmi, kwa Kiswahili fasaha, chenye michoro inayosomeka, kinachouzwa kwa bei ambayo mwendesha bodaboda anaweza kuimudu na kinachopatikana bure katika intaneti. Mtahiniwa hawezi kulaumiwa kwa kutojua kitabu asichokiona.

Pingamizi zitakuwapo, na baadhi ni za haki. Wapo wasiojua kusoma. Hao waulizwe maswali yale yale kwa mdomo, mbele ya shahidi au kwa sauti iliyorekodiwa. Wapo walio mbali na makao makuu ya mkoa. Hao wafuatwe, kama wanavyofuatwa kwa huduma nyingine za msimu. Na wapo watakaosema gharama itaongezeka. Gharama ya karatasi na kompyuta haiwezi kulinganishwa na ya jeneza, mguu uliokatwa, au familia iliyopoteza mtafutaji.

Mwanafunzi mwenyewe hana sababu ya kungoja Serikali. Anaweza kuanza leo, kabla hajaingia garini: asimame kando ya mzunguko kwa nusu saa na kutazama nani anampisha nani, apande daladala na kutaja kimoyomoyo kila alama inayopita na jambo ambalo dereva alipaswa kulitenda, avuke kwenye kivuko chenye alama za pundamilia na kukumbuka hofu ya anayevuka. Kisha achukue karatasi zake za shule, na kwa kila kanuni ajiulize, "Kwa nini?" Asipopata jibu, amuulize mwalimu. Mwalimu asiyeweza kulijibu swali hilo naye amejipima mwenyewe.

Mpimaji atauliza maswali kwa dakika chache, kisha atafunga jalada lake. Barabara itaendelea kuuliza kwa miaka 40 au 50 ijayo, mvua ikinyesha, usiku, dereva akiwa amechoka na ana haraka. Haitakubali jibu lililokaririwa, na haitampa aliyekosea nafasi ya kurudia mtihani.